Resi Ndio Itakunoa, Mwanangu

Kutoka Diani hadi Watamu kuna risto moja haiishi kwa base za ufuo: ka we ni msee wa windsafu wa kujibamba tu, unaingia maji wikendi upepo ukiwa fiti, unatoka roho ikiwa safi, kuna haja gani ujiingize kwa resi? Wengine watakushow resi ni ya wenye klabu na ganji. Wengine wanasema itaua raha. Nimeskiza pande zote na msimamo wangu ni mmoja: hakuna kitu itakunoa haraka ka resi, hata ka ni resi ya wasee watano na maboya mawili ya jerikeni.

Cheki kwanza venye wengi wetu tunaendanga. Pale Diani tuko ndani ya mwamba, maji yametulia, kusi inapuliza ikitokea mkono wa kulia ukiangalia bahari. Msee anatoa bodi, anaweka upepo ubavuni, anajifunga hanes, bodi inapaa, anachoma hadi karibu na mwamba, anageuza, anarudi alikotoka. Kisha tena. Kisha tena. Ni tamu mbaya, sikatai, na ndio ilitufanya tuipende hii kitu. Lakini upepo wa ubavu ndio upepo rahisi kuliko zote. Bodi inashika kasi yenyewe, hanes inabeba mzigo, mikono inapumzika. Kona zinapigwa pahali pamoja, kwa ule upande msee ameuzoea. Akianguka anajipanga polepole, juu hakuna mtu anamngoja. Upepo ukipoa anatoka, anaketi chini ya mnazi. Misimu inapita, kusi, kaskazi, kusi tena, na msee bado ako pale pale, na hajui ako pale pale, juu hakuna kitu ya kumwonyesha.

Resi inakunyang'anya uhuru wa kuchagua. Boya la kwanza linawekwa joshini, kule upepo unatoka. Na tanga lolote duniani haliwezi kwenda moja kwa moja kwenye upepo. Unakaa nje yake karibu digrii 45, unaenda kulia, unabisha, unaenda kushoto, unabisha, hadi ufike. Kila bisho inamaanisha unazunguka mlingoti na hatua ndogo ndogo, unabadilisha mikono, unashika tanga upande wa pili kabla bodi ikufe chini ya miguu. Msee wa kujibamba anawezamaliza jioni nzima bila kubisha hata mara moja, juu anapenda kugeuza na tezi. Kwa resi huna hiyo njia ya kuhepa. Unabisha upande wako mzuri, unabisha upande wako mbovu, na ule mbovu ndio unaanza kuiva.

Na hapa kuna kitu kubwa kushinda ushindi. Mtu mwenye anajua kubisha ndio anarudi nyumbani. Sote tunawajua wasee wenye kusi imewasukuma hadi ufuo wa Kongo, ama kaskazi ikawatupa ufuo wa Galu, wakarudi na miguu wamebeba tanga kichwani kwa mchanga moto. Wako na nguvu, wako na kasi, lakini hawajui kupanda upepo. Resi chache zinawatoa kwa hiyo shida, hata ka watakuwa wa mwisho kwa kila moja yake.

Sasa kuja kwa mwanzo wa resi, penye mi huona watu wakikomaa zaidi. Kwa resi rasmi, bendera ya kwanza inapanda dakika 5 kabla. Ikibaki dakika 4 inapanda ya pili. Ikibaki 1 hiyo ya pili inashuka. Halafu mnaenda. Hizo dakika 5 zote unatakiwa uwe karibu na mstari na usiuvuke, na wenzako wamekubana kulia na kushoto. Lazima ujue kusimamisha bodi. Kuisimamisha kabisa, umesimama juu yake, tanga limelegea mkononi, upepo unapuliza. Halafu uivute ipate mwendo ndani ya sekunde chache. Jaribu hii kitu uone. Kukimbia na bodi ni rahisi. Kuituliza ni fundi tu anaweza. Msee wa kujibamba hana siku ataketi chini aseme leo nafanya mazoezi ya kwenda polepole. Mstari wa kuanzia ndio utamlazimisha, na akishajua kuituliza bodi, mambo mengine mengi yanafunguka: kuingia ufuoni penye kuna watoto wanaogelea, kupita katikati ya ngalawa za wavuvi, kumfikia mwenzake mwenye ameumia majini.

Kuna pia hii ya kuwa bega kwa bega. Ukiwa peke yako, kasi yako ni hisia tu. Unaskia umechoma, basi umechoma. Lakini ukiwa na mwenzako mita 10 kando, upepo ule ule, maji yale yale, na anakuacha pole pole, hapo huna mtu wa kusingizia. Unaanza kuuliza maswali ya maana. Amekaza tanga chini kuliko mimi? Bumu yake iko juu? Anasimama mbele zaidi? Ameshusha ule ubao wa katikati wenye unazuia bodi isiteleze kando? Unabadilisha kitu moja, unacheki ka pengo linafungika. Hiyo ni shule yenye mwalimu wake ni mtu wa mtaa wako na hakulipishi. Ni ka tu kwa mpira: msee wa danadana anawezadunda mpira mara mia kwa kiwanja tupu na wote tukashangaa, lakini mpe mechi ya mtaa, mtu amemkaba, ndio ataona mguu wake wa kushoto haujui kitu.

Halafu upepo wenyewe. Ukiwa unajibamba, upepo ni mkali ama ni mdogo, basi. Kwa resi unaanza kuona venye unazunguka. Ngoja nikupee hesabu, juu hii ndio ilinifanya nianze kuheshimu hii mchezo. Tuseme we na mwenzako mko sawa kabisa mnapanda upepo, lakini mmeachana mita 100, mmoja kulia mwingine kushoto. Upepo ukizunguka digrii 10 tu, ule mwenye ako upande upepo umegeukia anapata karibu mita 25 bure. Hajapiga misuli, hajanunua tanga mpya. Ameona tu mapema. Wazee wetu wa mashua wanasoma hii kitu kwa rangi ya maji na kwa venye wingu limekaa juu ya bara. Kijana mwenye ameanza resi anajipata pia yeye anaangalia mbali, anaona maji meusi yenye mikunjo yakikuja, anajua hapo kuna upepo, anasonga huko. Na siku akienda kujibamba tu, hiyo jicho anaenda nayo.

Kwani hii Pwani yetu ni ya kuambiwa kuhusu resi? Enda Lamu. Mashua zinashindana wakati wa Maulidi na wakati wa tamasha ya utamaduni, na mji mzima unatoka kuangalia. Wanaobisha wanabisha hadi unashangaa, na wasee wamekaa nje kabisa juu ya ubao kulinganisha chombo. Nahodha mwenye ameshinda jina lake linatajwa barazani mwaka mzima. Na hao manahodha sio watu wa michezo pekee. Ni watu wa kubeba mchanga, mawe, abiria na samaki. Ukimwambia nahodha wa Shela ati kushindana hakumfundishi mtu tanga, atakuangalia akijua umepotea. Sisi wa bodi ya tanga tumekaa kwa upepo ule ule na bahari ile ile, na hiyo desturi bado hatujaishika.

Na ukicheki historia ya windsafu yenyewe, imetoka hapo hapo. Jim Drake na Hoyle Schweitzer waliomba hataza ya chombo chao wakiwa California mwaka wa 1968, na ndani ya miaka michache watu walikuwa wanashindana. Mwaka wa 1976, kule Bahamas, dogo wa miaka 13 kutoka Hawaii alichukua ubingwa wa dunia. Huyo ni Robby Naish. Leo wengi wanamjua kwa mawimbi, kwa kuruka, kwa vile vitu vya kujibamba vyenye tunapigia makofi kwa video. Msingi wake ulikuwa maboya. Alijua kubisha na kuanza na kusoma upepo kabla ya kujua kuruka, na mi naamini hiyo ndio sababu alipokuja kwa mawimbi alikuwa anajua atajiweka wapi.

Lakini hadithi yenye inanigusa zaidi ni ya Lee Lai-shan. Huyu manzi alimea Cheung Chau, kisiwa kidogo cha wavuvi kule Hong Kong. Mjomba wake alikuwa na kituo cha windsafu ufuoni, na hapo ndio alijifunza akiwa bado mtoto. Yaani ni maisha yenye dogo yeyote wa Diani ama Watamu anayajua: uko kwa kituo, unabeba matanga ya wateja, upepo ukikaa fiti unaomba bodi. Angebaki hapo, angekuwa mtu wa kujibamba mwenye anajua sana. Aliingia resi. Mwaka wa 1996, kwa Olimpiki ya Atlanta, alishinda dhahabu, na hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Hong Kong tangu waanze kwenda Olimpiki. Mtoto wa kisiwa, na kituo cha mjomba. Sisemi kila manzi wa hapa ataenda Olimpiki. Nasema ufuo wake na ufuo wetu hazikuwa mbali hivyo. Kilichokuwa katikati ni resi.

Hapa Afrika, Algeria washapeleka vijana wa bodi ya tanga Olimpiki. Wako na bahari, si tuko na bahari. Wako na bodi za watoto za daraja moja, hizi za Techno 293 zenye urefu wa sentimita 293, na ma-junia wao wanashindana juu yake kabla wafike miaka 17. Hiyo ndio tofauti.

Na usidhani wale wa juu kabisa wamemaliza kujifunza. Olimpiki ya 2024, windsafu ikiwa Marseille na ikiwa ya foili, ile bawa ya chini ya maji inayoinua bodi, kwa mara ya kwanza, Emma Wilson wa Uingereza alitawala wiki nzima. Hakukuwa na mtu wa kumkaribia. Lakini mfumo ulikuwa na resi moja ya mwisho ya watu watatu ya kuamua medali, na kwa hiyo moja Marta Maggetti wa Italia alichukua dhahabu, Sharon Kantor wa Israeli fedha, Wilson akabaki na shaba. Iliniuma hadi mimi nikiangalia tu. Ilionyesha kuwa kasi pekee haitoshi, kuna mwanzo, kuna uamuzi, kuna moyo kutulia saa yenye inahesabika. Hivyo vitu vitatu huwezi kuvifanyia mazoezi ukienda na kurudi kwa upepo wa ubavu.

Sasa tuwe wakweli kuhusu penye resi haifiki. Haitakufundisha kuruka, haitakufundisha kuzungusha tanga ka wale wa fristaili, haitakufundisha kushuka wimbi. Ka ndoto yako ni hiyo, resi itakupea msingi na baadaye ujipange. Pia kuna wasee wakishaingia resi wanaogopa. Wanapiga kona ya usalama kila saa ndio wasianguke, na hiyo kona inabaki hivyo hivyo mwaka mzima. Dawa yake ni moja: resi inakuonyesha shida, mazoezi ndio yanaitoa. Umeachwa kwa boya la chini juu kona yako ni mbovu? Jumanne na Alhamisi weka boya moja, lizunguke peke yako hadi giza liingie. Resi bila hayo mazoezi ya katikati ya wiki inakuacha ukirudia makosa yale yale kwa spidi kubwa.

Na kuna ugonjwa wa vifaa. Huo ndio naogopa zaidi. Msee akichapwa anasema ni tanga, anatafuta tanga kubwa, mwenzake anatafuta kubwa kuliko hiyo, na dogo mwenye hana doo anatoka kwa mchezo. Wenye walirudisha ile bodi ya zamani ya Windsurfer, ikiitwa LT, waliiona hii shida: bodi moja, tanga moja la mita za mraba 5.7, kila mtu sawa. Sisi hatuna LT za kutosha kila mtu hapa, lakini wazo lenyewe ni la bure. Mkiwa na bodi tofauti, badilishaneni kila baada ya resi. Ukishinda juu ya bodi nzuri, resi ya pili unapanda ile mbovu. Hapo ndio mtajua nani anajua.

Kuandaa hii kitu hakuhitaji klabu. Jerikeni mbili za lita 20, zile za manjano, kamba, na mawe mazito ya nanga, na muwe makini nanga isitupwe juu ya matumbawe. Moja mnaiweka joshini, nyingine demani, kule upepo unaenda. Mstari wa kuanzia ni kati ya jerikeni ya chini na mtu amesimama ndani ya boti akiwa na filimbi. Dakika 3 zinatosha badala ya 5: filimbi tatu, mbili, moja, twende. Maboya yote mnayaacha mkono wa kushoto. Wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, na kuendelea, mwenye pointi chache ndio mshindi. Mkifanya resi za kutosha kila mtu anatupa ile yake mbaya zaidi. Fupi na nyingi ni bora kuliko moja ndefu, juu kila mwanzo ni somo.

Angalieni maji. Bamvua maji yakijaa ndio saa ya kucheza ndani ya mwamba. Yakikupwa finzi zitagonga matumbawe na kuyavunja, na matumbawe yakivunjika hayarudi leo wala kesho. Jaketi ya kuelea ni lazima kwa kila mtu, hata ule mwenye anaogelea ka papa. Boti ya filimbi iwe na injini na iwe na mtu mwenye kazi yake ni kuangalia watu tu.

Na shikeni sheria, juu hizo sheria ndizo zitawaokoa hata siku hakuna resi. Mwenye upepo unamjia upande wake wa kushoto ampishe mwenye upepo unamjia upande wa kulia. Mkiwa mnaelekea pamoja, aliye joshini ampishe aliye demani. Mwenye anapita mwingine kutoka nyuma ajiepushe. Hizo tatu zikiingia kichwani, ile vita ya kila Jumapili na wasee wa kaiti itapungua sana. Kupampu tanga na mikono kunaruhusiwa kwa bodi, hata kwa kanuni za kimataifa, kwa hivyo upepo ukipoa usikate tamaa, pampu. Na hapo pia kuna faida: upepo mdogo wenye ulikuwa unakutoa majini sasa ni mazoezi ya mgongo na mapaja.

Kitu moja naomba, na naomba kwa roho safi. Wapeeni madem nafasi kwa mstari. Olimpiki iliwapea windsafu yao mwaka wa 1992, na miaka 4 baadaye Lee Lai-shan alikuwa na dhahabu shingoni. Kwa vituo vyetu manzi bado anaachiwa kuuza juisi na kuandika majina ya wateja. Wengi wao ni wepesi, na kwa upepo mdogo mwepesi ndio ako mbele. Watawanyorosha, na mtajifunza.

Resi ikiisha, msitawanyike. Ketini kwa mchanga, aliyeshinda aseme alifanya nini, aliyekuwa wa mwisho aulize kila kitu anataka. Hiyo nusu saa ina thamani kuliko video zote kwa simu yako.

Kaskazi inaingia Desemba na inakaa hadi Machi. Ka uko Diani, Nyali, Malindi ama Watamu, na uko na bodi hata ka ni ya zamani, tafuta wenzako wanne, muulizane ni Jumamosi gani maji yanajaa saa tisa, na mje na jerikeni na filimbi.